Moyo wa Panya Uliokataa Kwenda Mbio

Wiki nzima nilikosa usingizi kitandani kwangu mtaani Kibagabaga kwa swali moja la kijinga, nalisema waziwazi mnicheke: Dokta na Kevine wanacheka nini? Mimi na Kevine tulikuwa tunajifunza kazi katika maabara ya Dokta, nafasi ya ajira ikiwa moja tu, na kila nikigeuka nawaona wameinamiana wanacheka (mimi Dokta hajawahi kunionyesha hata jino).

Siku wageni walipokuja kutazama majaribio yetu, kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake cha moyo wa panya, kinadunda ndani ya kikombe cha maji ya chumvi. Unatia dawa inayoziba kipokezi kimoja tu, yaani mlango mmoja ambao moyo hupokelea amri, na kuviacha vingine, kisha adrenalini, na moyo unabaki umetulia. Halafu unaosha mpaka dawa yote itoke, unatia adrenalini tena, na safari hii moyo unakwenda mbio, ndipo unajua kipokezi kile ndicho kinachouharakisha. Sasa wakati wa kuosha, Dokta na Kevine wakacheka. Nikatega sikio, maji mkononi, nikasahau kuosha.

Wageni wakaingia. Moyo wa Kevine ukaenda mbio, wakapiga makofi. Wangu nikautia adrenalini, kimya, nikaongeza, kimya, na mimi (ninayefikiria mara kumi hata rangi ya soksi!) nikaropoka: "Dokta, Kevine amebadilisha adrenalini yangu. Haya ni maji matupu!"

Kevine hakubishana. Aliosha kikombe chake, akatia tone kutoka chupa yangu, na moyo wake ukachachamaa kwenye skrini ya mapigo.

"Adrenalini yako iko sawa, dada," akasema. "Wewe uliosha?"

Mgeni mmoja akaninong'oneza, "Ihangane," kama mtu anayempa pole mfiwa. Moyo pekee uliotulia mle ndani ulikuwa ule wa kikombe changu.

Nafasi alipewa Kevine. Nikawaza kujifanya mgonjwa, nikawaza kuhamia Kampala, mwishowe Jumatatu nikarudi maabara, nikabeba kiti changu, nikakiweka kando ya chake, nikamwomba radhi, halafu nikauliza.

"Siku ile mlikuwa mnacheka nini?"

"Tulikucheka wewe," akasema. "Dokta alisema, Solange anavyoosha na kuosha, iko siku moyo wa panya utashikwa mafua. Akasema mtu wa hivyo ndiye anamtaka kwa hii kazi."

Nikachukua maji ya chumvi, nikaosha kikombe changu, na chake pia.