Herufi za Mgomba

Hebu mtazame akiingia uani, Mwalimu Hilaria wa Mwika, kasha la chaki kwapani na viatu vimeshika tope. Shule imefungwa leo, Desemba ndiyo hiyo, na mtu aliyeanza likizo angekuwa na uso wa likizo. Yeye anampita mama mkwe wake bila salamu, anarudi, anasema, "Shikamoo mama," kisha anasimama tu, kama aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Marahaba. Kuna msiba?" akauliza Bibi Monica, akimenya ndizi za supu ya mtori.

"Januari nafundisha darasa la kwanza."

"Ee, afadhali ungesema msiba."

Maana Hilaria, tangu aajiriwe, ni hesabu na darasa la saba. Kikohozi chake kikisikika, wanaokimbia huanza kutembea. Jibu lililokosewa hupigwa kalamu nyekundu, mjadala umekwisha. Sasa mwalimu wa la kwanza amehamishwa, hapana mwingine, na mwalimu mkuu kamwambia ajiandae likizoni. Ajiandae vipi? Alijaribu kukumbuka yeye mwenyewe alijifunzaje kusoma. Anakumbuka alipokuwa hajui, anakumbuka alipokuwa anajua. Katikati pana wingu, kama mlima wakati wa masika.

Na lililomchoma zaidi lilikuwa humo humo nyumbani. Lucky, mtoto wa shemeji yake, analelewa na bibi yake hapo, na Januari ndiyo anaanza shule. Watoto wa jirani walishamtisha: utamkoma huyo! Basi mtoto akimwona mama yake mkubwa anatokea huku, yeye anaingia kwenye shamba la kahawa kule. "Mimi shule siendi," alimwambia bibi, na alikuwa hatanii.

Krismasi ikaleta watu. Akaja Ebenezeri, baba yake Lucky, mwenye duka Dar. Hilaria akamuuliza: wewe kusoma ulijifunzaje?

"Kwa fimbo, shemeji! Mimi herufi 'a' iliingilia makalioni."

"Muongo," akasema Bibi Monica. "Wewe ulifundishwa na dada yako kwa kukuimbia. Hata mimi, nyimbo za misa zilikuwa kichwani zamani. Siku moja nikatazama kitabu, nikazikuta zimo."

Fimbo, nyimbo. Hilaria akazidi kupotea. Mwishowe akaona afanye kitu cha mikono, labda akili itafuata. Akaangusha mgomba uliokwisha kuvunwa, akabandua maganda ya shina, akakata kwa kisu herufi kubwa za kushikika, akazitandaza kwenye gunia kando ya banda la ng'ombe zikauke.

Asubuhi alipotoka, gunia lilikuwa tupu. Ebenezeri amesimama bandani, mikono kiunoni, anajipongeza.

"Mnasema mtu wa Dar amesahau kazi za nyumbani? Nimeshalisha ng'ombe! Ila aisee, shemeji, siku hizi mnakata mgomba kwa mapambo. Sisi tulikuwa tunakatakata tu."

Hilaria akatazama ndani ya hori. Kilichobaki cha 'm' kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwa ng'ombe.

"Umelisha herufi zangu," akasema taratibu.

"Herufi?"

"Alfabeti nzima, Mangi, chifu wa Dar!" akapaza sauti Bibi Monica kutoka jikoni. "Sasa maziwa ya ng'ombe huyo tutayapeleka shule yakasahihishwe!"

Wakamngojea Hilaria agombe. Hata yeye alijingojea. Badala yake kicheko kikamtoka, kikamkalisha juu ya ndoo, machozi yakimlenga, na mwenyewe hakujua kama anacheka au analia.

Lucky hakuwahi kumsikia akicheka. Akatoka kwenye kahawa, hatua baada ya hatua, akaingiza mkono horini, akatoa herufi moja nzima.

"Hii amekataa kula," akasema. "Ameiogopa."

"Kwa nini?"

Mtoto akaiweka 'u' juu ya paji la uso, akainamisha kichwa. "Si ni pembe."

Ile 'hapana' ilishafika kwenye ulimi wa Hilaria. Imeishi hapo miaka mingi, inajua njia. Lakini Lucky alikuwa karibu naye hivi, goti lake limegusa sketi yake, hakimbii.

"Kweli," akasema. "Ni pembe."

Lucky akatabasamu. Kisha uso ukabadilika, akawaza, akaishika ile herufi kwa mikono miwili.

"Na shuleni, mama mkubwa, itakuwa pembe vilevile?"

Mwalimu Hilaria akamtazama Bibi Monica mlangoni pa jiko, Bibi akageukia mtori wake. Akamtazama Ebenezeri, naye akaanza kufagia banda. Mtoto anangoja, na akijibiwa vibaya, kahawa haiko mbali.

Ungekuwa wewe umekalia ile ndoo, ungemjibu nini?