Siku Stima Ilipomchukua Pio

Jirani yangu ana mashine ya kusaga mihogo. Asubuhi akiiwasha, harufu ya mafuta yanayoungua hupenya dirishani mwangu, na kabla sijajijua, mkono wangu wa kuume huwa umekwisha kukunja ngumi. Nina wajukuu tisa sasa, mimi mtu mzima. Ngoja niwaeleze mambo yalivyokuwa.

Nilikuwa na miaka minane, na nchi ilikuwa ya Wabelgiji. Kila kiangazi, maji ya Lualaba yakipungua na mchanga mweupe ukijitokeza, serikali ilifanya sikukuu yake kivukoni, chini ya Kasongo. Vijiji vyote viliamriwa kushuka. Sisi watoto hatukujua neno kuamriwa. Tulijua kwamba tunakwenda kufurahi. Tulitoka mapema, ngoma mbele, akina mama wamejipaka mawese mpaka miguu inang'aa.

Na furaha kweli ilikuwako. Wagenya, wavuvi wa mto, walishindana kwa mitumbwi, wanaume wamesimama wima, makasia yote yakiingia majini kwa mpigo mmoja. Palisimikwa mlingoti mrefu uliopakwa sabuni, na vijana walikuwa wakiupanda na kuteleza, wakiupanda tena na kuteleza tena. Askari walipuliza tarumbeta. Kila mahali palinukia samaki wa kuchoma.

Mama alinikabidhi mdogo wangu Pio, mwenye miaka minne.

"Marta, mutoto iko mu mikono yako," aliniambia. "Miye niko mu mulongo ya kucheza, siwezi kutoka. Usimuachilie."

Basi pale kivukoni ilikuwapo stima ndogo, nyeupe, yenye dohani nyeusi. Mzungu wake, mwenye kofia ngumu na masharubu ya rangi ya mahindi, alikuwa akiwapakia watoto ili awazungushe kisiwa na kuwarudisha. Wengine waling'ang'ania kupanda. Mimi nilikaa mbali nayo, kwa sababu Feza, binti wa shangazi yangu, alikuwa amenifumbua macho.

"Ile stima ni ya watumbula, wale wanakulaka watu," alisema. "Chini iko shimo. Wanatiaka watu mule, wanawanonesha, kisha wanawatia mu mikebe."

Sikuwa na sababu ya kumpinga. Dukani nilikuwa nimeona mkebe wenye picha ya samaki, na ndani mlikuwa na samaki. Karibu yake ulikaa mkebe mwingine, wenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Je, ninyi mngewaza nini?

Kijana mmoja alikaribia kufika kileleni mwa mlingoti. Nikatazama juu, nikapiga kelele pamoja na watu, kijana akaporomoka, tukacheka. Niliposhusha macho, mkono wangu ulikuwa mtupu.

Pio alikuwa begani mwa yule mzungu, katikati ya ubao wa kupandia stimani. Anatafuna biskuti. Nikajisemea, wamekwisha kuanza kumnonesha.

Nilikimbia. Mlolongo wa akina mama ulikuwa pale pale ukingoni, na macho yangu na ya mama yakakutana. "Mama! Wamemuchukua Pio!" Alinisikia, naapa alinisikia. Lakini mguu wake uliendelea kukanyaga mchanga, na mdomo wake uliendelea kuimba.

Nikapanda ule ubao. Ulipovutwa nyuma yangu na honi ikalia, nilijikojolea. Sakafu ilitetemeka kama mnyama aliyeamshwa. Na shimo lilikuwapo kweli! Pumzi ya moto ilipanda kutoka chini, na harufu ile ya mafuta ya mashine, na humo ndani nikaona moto mwekundu na mwanamume asiye na shati akitupa kuni. Nilimshika Pio kwenye kola ya shati, nikakaza mkono. Nilisali Baba Yetu ya misheni, kisha, kwa usalama zaidi, nikaongeza Bismilahi niliyoizoea kwa majirani zetu Waislamu.

Mtu wa kuni akapanda kupunga upepo. Akaniona.

"Mutoto ya nani weye? Unatetemeka nini?"

"Baba," nikamwambia, "unikule miye. Huyu iko mudogo, hana nyama."

Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, jasho likimtiririka kifuani. "Sikiya, mama. Humu iko kuni na moto tu. Tutazunguka kisiwa, tutarudi."

Sikumwamini. Kisiwa kilipita polepole, na Pio alinionyesha ndege weupe kwa kidole chenye chembe za biskuti, naye ana furaha isiyo kifani. Nilisadiki kwamba tumerudi pale tu nilipokanyaga mchanga.

Ngoma zilipokoma, mama alitujia. Alinizaba kofi mpaka sikio likavuma. Kisha akaketi mchangani, akampakata Pio, akamnusa kichwa, akamfungua vidole kimoja kimoja. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, na kwa siku tatu alizungumza kwa kunong'ona.

Kinyongo changu kilidumu miaka. Alituona, akaendelea kucheza! Nilimuuliza nilipokwisha kuzaa mwenyewe, tukiwa tunatwanga sombe, majani ya mihogo. Mchi wake ulisimama.

"Kiangazi ya kabla ya ile," alisema, "mama mumoja alitoka mu mulongo sababu mutoto yake alianguka. Mume wake, askari walimulaza pa muchanga mbele ya watu wote, wakamupiga fimbo mupaka akashindwa kusimama. Na siku yetu, askari alikuwa nyuma yangu. Baba yako alikuwa pale, anatazama."

"Basi ukaimba tu?"

"Ungesikiliza wimbo," akanijibu. "Niligeuza maneno. Nilikuwa nakuita. Marta, panda. Marta, mushike. Wenzangu wakasikia, wakaitikia vile vile. Mulongo muzima."

Tarumbeta zilikuwa zikilia, na mimi nilikuwa nikilia. Sikusikia kitu. Nilivuka ule ubao nikijiona yatima, na nyuma yangu wanawake arobaini walikuwa wakiliimba jina langu kwa nguvu zao zote, mbele ya askari.