Bango Langu na Utulivu wa Kichina

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Naishi Tunduma, mpakani na Zambia, lakini mpaka wenyewe naujua zaidi kwa honi za malori. Simu yangu ndiyo inayonitembeza, na siku hizo ilikuwa ikinipigia guqin, ala ya Wachina ya nyuzi saba inayolazwa mezani na kudonolewa kwa vidole. Mwalimu mmoja wa mtandaoni alisema mkono wa kuipiga ni ndugu wa mkono unaoandika kwa brashi: unabonyeza, unavuta, unatulia, na huko kutulia nako ni muziki.

Basi mke wangu alipotaka bango la mgahawa wake, uliokuwa unafunguliwa kesho yake, nilimkataza kuita fundi. Si nilisifiwa mwandiko mpaka kidato cha nne? Nikawasha muziki, nikachovya brashi kwenye rangi, nikaandika CHAKULA TAYARI juu ya kipande cha bati. Uzi ukitulia, nami natulia, brashi imegusa bati. Kumbe Wachina huandikia karatasi inayokunywa wino. Bati halinywi kitu. Kila nilipotulia, rangi ilijaa, ikateremka.

"Baba watoto, herufi zinalia machozi," alisema mke wangu. "Nani atakula mahali panapolia?"

"Huo ndio utulivu wenyewe."

"Utatulia wewe, na njaa yako."

Asubuhi tulilitundika hivyo hivyo. Dereva wa lori akasimama kulicheka, akamwita mwenzake aje acheke, kisha wote wakaingia kuagiza chai na chapati. Mchana nikatoka na brashi nirekebishe. Mke wangu akaninyang'anya.

"Liguse uone. Utajipikia."