Vyumba Viwili vya Mbele

Kijana wa benki kule Kindu alininyima mkopo kwa adabu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua karatasi ya kiwanja ya marehemu babu yangu, iliyochanika kwenye mikunjo, akaisoma yote. Kisha akaikunja vilevile ilivyokuwa, akanirudishia kwa mikono miwili.

“Mama, hii iko karatasi ya chifu. Siye tunaomba sertifika ya parsele, ile hati ya kiwanja ya serikali. Na mushahara, unapatiaka wapi?”

Nikamwambia sina mshahara, nina biashara. Nanunua mpunga Kasongo, naupeleka mashineni, mchele nauuza Salamabila kwa wachimba dhahabu, narudi na vitenge. Miaka kumi na moja sasa. Akauliza vitabu vya hesabu viko wapi. Nikagusa kichwa changu. Akatabasamu, akaandika neno kwenye dosiye, lile faili langu, na mimi nikajua mambo yamekwisha. Nilikuwa nimekaa siku mbili juu ya pikipiki, mgongo unauma, kuja kuonyesha kichwa changu.

Nilichotaka ni mabati na saruji. Nyumba aliyotuachia baba ilikuwa ya udongo na manyasi, na msimu mmoja wa mvua ukuta wa chumba cha mama ukaanguka mchana, yeye akiwa jikoni nje. Mungu alimweka. Tangu siku hiyo mimi na yeye tulikuwa tunalala kwenye stoo ya jirani, katikati ya magunia ya karanga. Mama yangu, aliyepokea wageni maisha yake yote, akawa anaomba ruhusa ya kuchemsha maji ya kutawadhia. Hakulalamika. Lakini alianza kula kidogo, na kila jirani alipokohoa upande wa pili alikuwa anashusha sauti. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki Kasongo, tena nimeachika, sina mume wa kumlaumu.

Msinifikirie mvivu. Sisi wanawake wa soko tuna likelemba yetu: kila wiki kila mmoja anatoa sehemu yake, na zamu ikimfikia mtu anachukua zote. Zamu yangu ya kwanza ilinunua matofali ya kuchoma. Ya pili, karibu mwaka mzima baadaye, ikapandisha kuta kwa udongo, maana saruji ilinishinda. Kwa paa ningengoja zamu mbili nyingine, na mvua ilikuwa haingoji zamu ya mtu. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kuta zangu zikiliwa kwenye viungo vyake. Nilikuwa narudi na hasira ya kumpiga mtu.

Basi koperative ya akiba ya hapa mjini ikanikubali. Ndiyo, ilinikubali! Mkopo wa miezi kumi na minane, dhamana ni wanawake wenzangu watatu wa likelemba, na faida yao juu yake. Nilikwenda mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama alikuwa anakula ugali na sombe ya majani ya muhogo. Akasikiliza, akaosha vidole.

“Iko na riba?”

“Kidogo, mama.”

“Riba haina kidogo. Mi siingii mule. Ntabakia huku kwa watu mpaka Mungu anichukue.”

Kwetu watu wamesali tangu enzi za mababu wa mababu. Utamwona mtu anakula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na hakuna atakayemsema sana. Lakini riba ni jambo lingine. Labda mtu mwingine anaweza kuishi nayo kimyakimya. Mama yangu hakuweza. Nikamjibu kwamba Mungu hatatushushia mabati. Maneno hayo niliyasema nikiwa nimesimama, yeye amekaa, na hakunisemesha siku mbili. Niliona haya. Lakini hasira nayo haikutoka, nisidanganye.

Nikapakia mchele, nikaenda Salamabila. Kule nina mteja, mtu wa Kivu, Mkristo, ananunua dhahabu na kuuza chakula kwa wachimbaji. Miaka sita tunafanya kazi pamoja na hajawahi kunipunja kwenye mizani. Aliponiona sinunui vitenge akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote, hata yale ya kugombana na mama. Akacheka kidogo, akakuna kidevu.

“Mama, miye siombi faida. Naweka mabati, naweka simenti, na fundi nalipa. Unanipa vyumba viwili vya mbele, nafungua depo ya kuuzia bidhaa kule Kasongo. Siku unarudisha feza yangu, ileile, bila kuongeza hata franga moja, natoka.”

“Na kama inakawia?”

“Ikawie. Miye niko na haraka gani?”

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu mabati kichwani. Pikipiki ilikata mnyororo karibu na Kabambare, tukaisukuma kwa miguu kwenye tope mpaka mchana, na sikusikia uchovu. Nilipofika nikamsomea mama karatasi ya makubaliano aliyoniandikia mteja. Akaniambia niisome tena. Nikaisoma mara tatu, yeye akifuata kwa kidole hewani ingawa hajui kusoma herufi za kizungu.

“Hii iko rehani,” akasema, na uso wake ukafunguka. “Rehani ni ya wazee. Babu yako aliweka michikichi yake rehani, mwenye feza akakamua mawese miaka minne, kisha akairudisha. Hakuna mutu alisema kitu.”

Akatoa shilingi yake ya fedha ya zamani, ya mama yake, akataka niiongeze kwenye malipo ya fundi. Nikakataa. Tuliita mashahidi wawili, tukaweka alama za vidole kwenye karatasi.

Nyumba ikaezekwa kabla ya mvua kubwa. Mama aliingia kwa mguu wa kulia, ubani unafuka, akagusa kila ukuta. Mvua ya kwanza ilipopiga mabati hatukuweza kusikiana, na yeye alikuwa anacheka tu, meno yake manne yote nje. Alikula sahani nzima siku ile. Chumba chetu ni cha nyuma, na tunaingilia uani kupitia jikoni, maana mlango wa mbele uko ndani ya depo. Mteja wangu akahamia na magunia yake ya sukari, chumvi na katoni za sabuni. Mama anamwita “mupangaji wangu”, yeye anamwita koko, yaani bibi. Ni mtu mwema. Nataka hilo lijulikane.

Ulipita mwaka na miezi. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa madrasa kupanga hitma ya baba, na kwa majivuno yangu nikamweleza jinsi tulivyojenga bila riba. Nilitegemea anisifu. Mwalimu aliweka tasbihi chini.

“Huyo bwana analipa kodi ya vile vyumba?”

“Hapana, mwalimu. Iko rehani.”

“Na deni linapungua?”

“Linabaki vilevile. Nitalirudisha lote.”

Akanivutia mkeka nikae karibu.

“Mwanangu, mutu akikukopesha, hapashwe kula faida ya kile ulimuwekea. Rehani ni amana tu. Zile vyumba anazikalia bure ju ya deni lake. Hii iko riba vilevile. Ile ya koperative, walau ilikuwa na mwisho.”

Nikamwambia wazee wetu walifanya hivyo. Akasema wazee wetu walifanya mengi, na hakuna aliyewauliza. Nilitoka pale bila kuaga vizuri. Ruka jivu, ukanyage moto. Nilipiga hesabu njiani: kwa kodi ya vyumba viwili sokoni, na kwa muda uliopita, sehemu nzuri ya deni ingekwisha kufutika. Na mkopo wa koperative ungekuwa unaelekea mwisho, mlango wa mbele ungekuwa wetu. Nilikuwa nimejifanya mjanja, na asiyejua maana haambiwi maana.

Siku ileile niliingia depo. Nilimwomba mteja wangu ahesabu kodi ya vyumba, aitoe kwenye deni. Hakukasirika. Alinisogezea katoni ya sabuni nikae.

“Mama, ninyi ndio mulisema hamutaki faida. Miye ningewapa mukopo wa faida, nikapanga nyumba kwa mutu mwingine. Kama nalipa kodi, basi na deni langu lizae. Chagua moja. Lakini kwa miye, zote mbili ni kitu kimoja.”

Nilitamani anitukane nipate la kumjibu. Alikuwa na haki, na haki yake ndiyo iliyoniuma. Kwangu pia vyote viwili vilikuwa kitu kimoja, ila kimoja kilikuwa kimefunikwa jina la wazee ili mama yangu aweze kukilalia.

Tangu hapo nauza mchele kwa bidii ya kichaa. Nimeuza mashuka yangu ya arusi, nimeacha vitenge, naenda Salamabila mara mbili zaidi. Siku nikilipa deni lote, jambo litakuwa limekwisha, namna yoyote liitwavyo. Siyo karibu. Na mwalimu ameniambia mama ana haki ya kujua analala chini ya nini. Najua ana haki. Najua pia atakachofanya: ataamka, atakunja mkeka, atarudi kwenye stoo ya karanga, na safari hii hatatoka mzima. Ana umri wa kufa kwa baridi moja. Nimefungua mdomo mara nyingi. Mara moja nilifika mpaka kwenye “Mama, ile karatasi,” nikamalizia kwa kusema imelowa kidogo.

Ijumaa iliyopita mupangaji alimletea koko wake kilo ya sukari, kama anavyofanya kila Ijumaa. Mama akaiweka magotini, akasubiri mpaka mtu wa watu amerudi kwenye mizani yake, kisha akanyanyua mikono. Mimi nilikuwa naosha sufuria mlangoni. Alimshukuru Mungu kwa mabati, kwa matofali, kwa mguu wake ambao hauumi tena asubuhi.

“Na nyumba yangu umeilinda na riba,” akasema. “Na huyu mwanangu, alikasirika na bado akavumilia ju yangu, umulipe kwa vile alifanya.”

Mikono bado juu, akanigeukia.

“Itikia basi.”

Niliweka sufuria chini. Nikasema amina.