Nilifuta Alama ya Chaki Kwenye Difu la Baba

Jamani, difu la tipa la baba nililiua mimi. Lawama kabeba mtu mwingine, na huyo mtu ni baba yangu mdogo.

Mimi ni binti wa kidato cha tatu, naishi Samuye. Nina aibu sana. Mgeni akija nyumbani nampa shikamoo halafu naingia jikoni mpaka aondoke.

Baba anabeba mawe ya dhahabu kule Geita, anayatoa mashimoni kuyapeleka kwenye karasha yakasagwe. Likizo iliyopita gari lilirudi nyumbani linalia nyuma kama mtu anayeumwa jino. Baba Mdogo, ambaye ndiye fundi, alisikiliza akasema ni difu, lile bonge la gia lililo katikati ya matairi ya nyuma. Wakaamua kulifungua hapo hapo uani, juu ya magunia.

Mimi nikapewa kazi ya kuosha vyuma kwa dizeli. Niliifurahia. Chuma hakikuulizi habari za shule.

Ndani ya difu kuna kofia mbili za chuma zinazobana beringi, moja kushoto, moja kulia. Zinafanana kama mapacha, lakini kila moja imechongwa kwa upande wake tu. Fundi huzigonga nukta asije akazichanganya. Siku hiyo chuma cha kugongea nukta hakikuonekana, basi Baba Mdogo akaniomba chaki ya shule, akachora mstari kwenye ile ya kushoto.

“Mayu,” akaniambia, yaani mama, maana nina jina la mama yake, “osha ving'ae.”

Nikaosha vikang'aa. Mstari wa chaki ukaondoka na dizeli. Nilipogundua, beseni lilikuwa limeshakuwa jeusi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini baba alikuwa kakaa na madereva wenzake wawili, wanaangalia kazi na kupiga soga. Kusema mbele ya wanaume wanne kwamba nimefuta alama, niliona heri nife.

“Ya kushoto ipi?” Baba Mdogo akauliza.

Nikanyoosha kidole.

“Una uhakika?”

“Ndiyo.”

Sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilionyesha ile iliyokuwa karibu na mkono wangu.

Kofia ikagoma kukaa. Akaigonga na nyundo, akaitoa, akaigeuza, akanitazama. “Ndiyo hii, mayu?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Dereva mmoja akadakia, “Fundi, leo unamwuliza mtoto, kesho utamwuliza mbuzi.” Wakacheka wote. Baba Mdogo naye akacheka kidogo, akaigonga tena mpaka ikakaa, akafunga nati.

Tipa likaenda Geita. Lilipopanda mlima na mzigo, difu likasagika, ganda likatoboka, oili yote ikamwagika barabarani. Baba alirudi na begi tu. Alimwambia mdogo wake mbele ya bibi, mama yao, “Umeniulia gari. Wewe si fundi, ni mharibifu. Nisikuone tena na spana hapa kwangu.”

Baba Mdogo hakubishana. Alisema labda alikosea kubana nati. Mpaka leo anaamini hivyo.

Wale madereva wakasambaza. Pale senta hakuna aliyempelekea gari tena, hata la kubadilisha oili. Sasa yuko machimboni, anavuta kamba ya kutoa mifuko ya mawe shimoni. Mtu aliyekuwa anafungua injini huku anapiga mluzi.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia baba yote, macho yangu yako miguuni. Nilitegemea fimbo. Hakunipiga. Alisema, “Sasa nitamwambiaje? Nilimtukana mbele ya mama.”

Halafu akasema nisimwambie mtu.

Kwa hiyo tunaojua sasa ni wawili, na wote tumenyamaza. Baba amekuwa mpole kwangu kwa namna inayonitisha. Ndiyo maana nawaandikia ninyi bila jina. Kwa mdomo nimeshindwa.

Wenzangu wenye aibu, nawaomba. Ukiulizwa una uhakika na huna, sema huna. Utachekwa pale pale na yataisha. Mimi sikuchekwa na mtu. Anayechekwa ni Baba Mdogo, na bado wanamcheka.