Alama Niliyodhani Nimeibuni

Nikiulizwa kazi yangu kwenye basi, husema mimi ni mwalimu. Ukweli unachekesha zaidi: napima jinsi macho ya watu yanavyozipokea herufi. Nilichora kwenye kadi alama zisizo za alfabeti yoyote, nikazichanganya na herufi za kweli, ili kila mtu aseme, kuanzia moja hadi saba, alama hii inafanana na herufi kiasi gani. Nilizichora chumbani kwangu Bukoba, nikihakikisha hazina maana yoyote. Katika hilo nina uzoefu. Nimeandika makala nyingi.

Likizo nikaenda nazo nyumbani Buganguzi. Shangazi ndiye aliyeanza.

"Ada yote ile," akasema, "umerudi kutuuliza A?"

"Toa namba tu, shangazi."

"Saba. Na wewe nakupa mbili."

Mama aliacha kumenya ndizi, akapangusa mikono. Alitoa namba harakaharaka mpaka akafika kwenye kadi moja: duara lililo wazi chini, na mstari unaolikata kwa mshazari. Akaisogeza karibu na macho.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kichwani, mama."

"Ni alama ya baba yako. Alikuwa akiipaka kwenye magunia ya kahawa."

Baba hakujua kuandika. Nilikuwa bado nabebwa mgongoni alipopanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Goziba, na ziwa halikumrudisha. Sura yake siikumbuki, wala magunia hayo. Kwenye kibanja chetu, kati ya makaburi ya wazee chini ya migomba, kuna nafasi ambayo mama huipalilia mpaka leo. Hakukubali kamwe tuweke msalaba juu ya udongo usio na mtu.

Shangazi alimhimiza atoe namba. Mama akaigeuza kadi kifudifudi.

"Hii haipimwi," akaniambia. "Katafute saruji."

Kesho yake fundi alisawazisha zege kwenye nafasi ile, na mama akanipa msumari. Nikainakili kadi polepole, huku nikijipa sababu za kisomi: mtoto wa mgongoni huona mengi. Duara likaisha, mstari ukaisha, lakini mkono haukusimama. Ukaongeza vidoti viwili pembeni, ambavyo kwenye kadi havipo.

Nikamtazama mama, nikingoja anikosoe.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Alikuwa akimalizia hivyohivyo."

Akaketi kando ya kaburi, safari hii bila jembe, akaanza kuzungumza na baba kwa Kihaya. Mimi nikabaki na msumari mkononi, nikiogopa kuugusisha mahali popote.