Mama aliombwa radhi na mtaa mzima, kumbe uvimbe wa tumboni haukuwa saratani

Wakuu, sogeeni mnisikilize. Haya yalitokea nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, miaka ya tisini. Sitii chumvi.

Mama alianza kuishiwa nguvu. Kupanda ngazi tu anahema. Kisha akaniambia kwa haya kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

Hospitali wakamteremshia kamera tumboni. Daktari akaona uvimbe. "Huenda ikawa saratani. Tutautoa, kisha maabara ituambie."

Lile "huenda" halikufika nyumbani! Shangazi, dada yake baba, alisikia saratani tu, na kabla ya magharibi mtaa wote unajua.

Wakaanza kumiminika kuomba radhi. Kwetu, mtu akidhaniwa anaaga dunia, kila mwenye lake huja kulitua.

Shangazi alilia kweli. "Wifi, nisamehe. Ile sufuria yako ya shaba iliyopotea harusini, ninayo mimi."

"Nimekusamehe, wifi," Mama akajibu.

Nikaenda jikoni kulia.

Akapasuliwa. Uvimbe ukatolewa na kipande cha tumbo, vikapelekwa maabara. Kungoja huko, wakuu, msikuombe.

Siku ya majibu daktari aliniita ofisini kwake, anatabasamu. Si saratani!

Alinieleza polepole, nami nawaeleza hivyo hivyo. Ukuta wa tumbo una matabaka. Uvimbe huu uliota katikati yake, kwenye ganda la mshipa wa fahamu. Ni nadra sana. Haukusambaa popote, ila ngozi ya juu yake ilichubuka ikavuja damu, ndicho kile choo cheusi. Kwa macho unafanana na saratani. Maabara ndiyo iliyoutenganisha.

Nilikimbia hadi wodini kumwambia Mama! Akashukuru Mungu, kisha akamgeukia Shangazi aliyekaa kando ya kitanda.

"Wifi, sufuria yangu yaja lini?"

"We Mwanaisha! Si ulinisamehe?"

"Nilisamehe wizi. Sufuria sikukupa."

Wodi nzima ikaangua kicheko, Mama kashika tumbo: "Msinichekeshe, mshono waniuma!"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo.

Nilichojifunza: tulimzika mtu kwa neno ambalo daktari hakulithibitisha. Aliyepitia kama haya asimulie hapa chini, tutiane moyo.

Na wewe, ukiona choo cheusi, nenda hospitali leo. Ukiambiwa "huenda", usimtangazie mtu. Uliza kwanza maabara imesema nini.